Kichupa cha Bi Mkasi

Sindano ilimchoma Bi Mkasi kidoleni asubuhi, na wateja wa mchana walipoanza kuingia, damu bado ilikuwa inatoka. Si nyingi, kidogo kidogo, kwa ukaidi. Alikifunga kidole kitambaa, akaketi, akainuka, akaenda dirishani, akarudi, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Mama, twende kwa daktari," mke wa mwanawe alisema kutoka kwenye cherehani ya pili, bila kuinua macho. Siku hizi wawili hao walikuwa hawatazamani.

"Kwa tundu la sindano? Mimi nimeanza kuchomwa hujazaliwa!"

Maneno makubwa, lakini jicho lake lilikuwa kwenye mkoba. Kwamba alikuwa akimeza dawa ya moyo, ya kuzuia damu isigande, nyumba nzima ilijua. Wasichojua kilikuwa mkobani, chini ya leso: kichupa cha vidonge vya majani, chenye picha ya kichwa kinachong'aa. Aliuziwa na mama mmoja anayezunguka madukani na begi la virutubisho. "Hivi vinaamsha ubongo," alimwambia. Kimoja kila siku. Balaa ni kwamba dawa ya kusahau inamtaka mtu akumbuke kama ameshaimeza. Bi Mkasi akiingiwa na shaka, alimeza kingine.

Na sababu alikuwa nayo. Maisha yake yote hakuandika kipimo hata kimoja. Alimpima mteja, akamwacha aende zake, na siku ya kukata akamtajia mkamwana kiuno, bega na mkono bila kukosea. Sifa hiyo ndiyo iliyomjazia duka. Sasa namba zilianza kumtoroka. Gauni la mwalimu likabana, suti ya kinyozi ikapwaya, na mara zote mbili Bi Mkasi alikaza uso mbele ya mteja: "Mimi nilitaja sawasawa. Huyu ndiye kakata vibaya."

Mkamwana alichukua vazi, akaanza kulifumua. Aibu ilimtafuna Bi Mkasi, ilimtafuna kweli, lakini heri aitwe mama mkwe mbaya kuliko mzee aliyeanza kupotea. Mama mkwe mbaya hanyang'anywi mkasi.

Wiki hiyo mkamwana alikuwa anapanga nyuzi zake kwenye boksi. Alishapata chumba cha kushonea mtaa wa pili, na mumewe akawa anashinda nje.

Tone la damu likaangukia hariri nyeupe ya bibi harusi. Hapo mkamwana hakuuliza tena. Alimshika mama mkwe wake mkono, wakaenda.

Daktari alikuwa binti mpole, na upole wake ulizidi kumtia Bi Mkasi wasiwasi.

"Zaidi ya dawa ya moyo, unatumia nini kingine, bibi?"

"Hakuna."

"Hata majani? Virutubisho?"

"Nimeshasema hakuna, binti yangu."

Mguu wake haukutulia chini ya kiti. Daktari alimpandisha mkono wa blauzi. Ngozi ilikuwa imejaa madoa ya zambarau. "Kuna kitu kinaifanya dawa yako izidi nguvu. Leo damu inatoka kidoleni, tunaiona. Ikivuja kichwani, nani ataiona?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Bi Mkasi aliijua methali hiyo, na siku hiyo aliichukia. Aliutazama mlango. Alimtazama mkamwana, ambaye angetoka nje kama angeombwa tu. Hakumwomba. Alifungua mkoba, akakiweka kichupa mezani.

"Hivi ni vya nini?" daktari aliuliza.

"Vya kumbukumbu." Akakisukuma kichupa mbele. "Nasahau, daktari. Vipimo vinanitoka. Lile gauni na ile suti, mimi ndiye niliyetaja vibaya."

Daktari alimwambia aviache leo hii. Kwamba vinasaidia hakuna mwenye uhakika, ila kugombana na dawa yake vinaweza sana. Kuhusu kusahau, arudi apimwe taratibu. Bi Mkasi alisikia nusu tu. Masikio yake yalikuwa kwenye kiti cha pembeni, cha mkamwana, akisubiri hukumu ya mkasi wake.

Mkamwana alikuwa analia.

"Kumbe unasahau, Mama?"

"Nasahau, mwanangu."

"Kumbe ni hilo tu! Na mimi miezi yote hii nikajua hunitaki."