Mutoto Haandikwi Hapo

Mwanamke ambaye Mukamugema hakumfahamu alisimama mlangoni mwa hema lake, kambini pale Munigi, viatu vyake vyeusi vimejaa vumbi la mawe ya volkano. Akauliza kama hapo ndipo kwa Mukamugema.

"Ni mimi. Karibu, mama. Kiti hakuna, kaa juu ya bidoni hii ya maji."

Alikuwa Maître Clotilde, wakili. Habari ilimfikia: muuguzi wa zahanati alimchoma Mukamugema mkono ili aweke kijiti cha kuzuia mimba, akafunga bandeji, kumbe kijiti kimebaki ndani ya sindano. Na madaktari walishamwonya kwamba uzazi mwingine ungemuua. Mimba ikaingia. Alikimbia vita kutoka Kibumba na mimba ya miezi minane, akapasuliwa, akamzaa binti, Chance, akapona kwa taabu.

"Tukishtaki zahanati, watakutibu, na watasaidia malezi," alisema wakili, akasoma karatasi yake. "Hasara ya kwanza: maumivu. Hasara ya pili: mutoto Chance..."

"Futa hapo, Maître."

"Mama, ni neno la sheria tu."

Kwa Mukamugema halikuwa neno la sheria. Siku ya nane tangu Chance azaliwe, watoto wa majirani walipoitwa kula na kumpa mtoto majina kama ilivyo desturi, mmoja alipaza sauti: "Hasara!" Wote wakaangua kicheko, maana kisa cha sindano kilishazunguka kambi nzima. Usiku ule alimnong'oneza binti yake sikioni: "Kinywa changu hakitakuita hivyo, hata siku moja."

"Ukilikataa, malezi tutayakosa," Clotilde alisihi. Neno likabaki kwenye karatasi.

Mahakamani, wakili wa zahanati alisimama akitabasamu.

"Mama, huyo unayemubeba ni hasara? Ndiyo ao hapana?"

Clotilde alimtazama Mukamugema kwa macho ya kuomba. Neno moja tu. Chance alikuwa akitafuna pindo la kitenge, mate yanamchuruzika kidevuni.

"Muheshimiwa," Mukamugema alimwambia hakimu, "hasara ni mukono wangu kufungwa bila kijiti. Hasara ni tumbo langu kupasuliwa. Hayo muandike. Mutoto haandikwi hapo."

Hakimu akamgeukia karani.

"Matibabu, mahakama itayaangalia. Dai la malezi linaondoka."

Karani akaweka rula, akapiga mstari. Clotilde akafunga faili lake taratibu, kisha akanyoosha mkono kumfuta Chance kidevu.

Mukamugema akainama kwenye sikio lile lile dogo.

"Umesikia?"