Ukurasa wa Maitu

Ngendo alianguka jikoni mwake huko Chaka akiwa katikati ya kugombeza. Ilikuwa Aprili ya mwaka wa tisini na saba, mvua imeshika, naye alikuwa akimwambia binti yake Kagure kwamba ng'ombe halishwi majani yaliyolowa. Neno likamkwama. Akalitafuta kwa mdomo kama mtu anayepapasa gizani, kisha mguu wa kulia ukalegea na akaketi sakafuni polepole, macho yakiwa wazi.

Walipomrudisha nyumbani kutoka hospitalini, mkono wa kulia haukuwa na nguvu na maneno yake yote yalikuwa yamekwenda, isipokuwa moja: kesho. Akiona uji alisema kesho. Akifunikwa alisema kesho. Mchungaji alipomwombea, alijibu kesho mahali pa amina.

Nesi aliyewaaga alikuwa amemshauri Kagure mambo mawili. Kila siku waandike mgonjwa amekulaje, amelalaje na amejaribu kusema nini. Halafu wamwonyeshe picha za vitu vya kila siku, kwa kuwa wako watu waliopoteza maneno ambao bado huweza kuonyesha kwa kidole kile wanachotaka.

Kagure alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya kompyuta mjini Nyeri, ghorofa ya juu ya duka la rangi. Kazi yao ilikuwa mitihani ya shule, barua za mawakili, na ratiba za mazishi zenye picha ya marehemu juu. Basi akatengeneza kiolezo, ukurasa mmoja wa mfano ambao angeufungua kila asubuhi ukiwa tayari umepangwa. Tarehe ilikaa juu. Mistari ya maelezo ikakaa kushoto, na picha zikajipanga kulia kutoka juu hadi chini, jinsi programu yenyewe ilivyopenda kuziweka. Picha zilizokuja na kompyuta hazikufaa, zilikuwa za wazungu wakicheza gofu. Akachora zake kwa kipanya: kikombe, blanketi, ng'ombe, choo, nyumba, kichwa kinachouma. Ng'ombe alitoka na miguu mirefu kama twiga, lakini pembe zake zilikuwa sawa.

Mchana alipokuwa kazini, mgonjwa alikaa na jirani, Nyina wa Mutahi, mwanamke mpole ambaye alijaza ukurasa kwa herufi kubwa. "Amekunywa uji. Hajagusa picha." Kesho yake tena: "Amekula kidogo. Hajagusa picha." Wiki ya pili aliandika jambo lililomchoma Kagure moyo: "Anapapasa maandishi tu."

Ilikuwa kweli. Akiwekewa ukurasa mbele yake, Ngendo aliuinamia kwa makini, kisha akapitisha kidole cha mkono wa kushoto juu ya mistari ya maelezo, juu na chini, kama mtu aliyeambiwa kuna kitu hapo na hakioni. Mama ambaye hakuwahi kwenda shule. Kagure alimtazama akifanya hivyo, kisha akauondoa ukurasa mapajani mwake.

Jumapili kaka yake mkubwa, Hezekiah, akaja kutoka Murang'a alikokuwa na duka la mbolea. Aliketi kando ya kitanda, upande wa dirishani, akamsalimia mama yao mara tatu kwa jina walilomwita tangu utotoni, Maitu, mama kwa Kikuyu. Ngendo alikuwa akiangalia mlango. Hakugeuka.

"Kagure, tusidanganyane," Hezekiah alisema. "Maitu ameenda. Hapa tumebaki na mwili."

"Usiseme hivyo mbele yake."

"Mbele ya nani? Angalia mwenyewe. Wewe unafanya kazi Nyeri, huyu jirani, mama wa watu, ana shamba lake la kulima. Mimi niko na nafasi, na bibi yangu hushinda nyumbani. Jumamosi nakuja na pikapu nimchukue. Ng'ombe tumpe Nyina wa Mutahi, na hii nyumba tuifunge."

Hakusema kwa ubaya. Macho yake yalikuwa mekundu. Kagure alitaka kubisha, lakini hata yeye alikuwa ameanza kuamini hivyo, na hilo ndilo lililomwuma kuliko yote.

Alhamisi jioni alimpakulia mama yake mukimo wa viazi vilivyopondwa na maharagwe, akamwekea sahani mapajani. Ngendo akala kwa mkono wa kushoto, akafika nusu, akaweka kijiko chini. Ndivyo alivyokuwa akila tangu atoke hospitalini, na Nyina wa Mutahi alikuwa akiandika kila siku kwamba hamu ya chakula imepungua. Kagure akaichukua sahani ili akusanye mabaki, mlango ukabishwa, akairudisha mapajani pale pale, ila alikuwa ameigeuza.

Aliporudi, mama yake alikuwa anakula tena. Alikula hadi sahani ikawa nyeupe.

Kagure akasimama pale na taulo mkononi. Alifikiri, kisha akachukua taa, akaisimamisha upande wa kulia wa mama yake, akaiyumbisha. Ngendo hakupepesa. Akaisogeza polepole kuelekea usoni, na ilipofika usawa wa pua, macho ya mama yalidaka mwanga, yakaufuata kwenda kushoto, yakamfikia Kagure mwenyewe.

"Kesho," Ngendo alisema, kwa sauti ya mtu anayeuliza unafanya nini na taa yangu.

Kagure akaketi sakafuni. Mama yake hakuwa ameenda popote. Ni nusu ya dunia iliyokuwa imefunikwa, na wao wote, siku zote hizo, walikuwa wamempangia picha huko huko gizani. Hezekiah pia alikuwa amekaa huko huko kulia, dirishani.

Ijumaa alifika ofisini mapema, akafungua kiolezo ili avushe picha kwenda kushoto. Alidhani ni kazi ya dakika mbili. Alivuta kikombe, mistari yote ikaruka chini. Alipoirekebisha mistari, blanketi likatorokea ukurasa wa pili. Aliziweka zote sawa kwa subira, akaandika neno moja la kujaribu, na picha zikateleza pamoja nalo, ng'ombe akaishia juu ya choo. Ilipofika saa nne alikuwa bado anabomoa na kujenga.

Mwenye ofisi alikuwa Fowsia, mama wa makamo kutoka Nanyuki, ambaye wote walimwita Mama Habon kwa jina la binti yake wa kwanza. Alimwona kutoka mezani kwake, akaja akasimama nyuma yake.

"Hiyo si kazi ya mteja," alisema.

"Hapana, Mama Habon. Ni ya mama yangu. Nitalipia karatasi."

"Sijakuuliza karatasi. Kwa nini unalia?"

Kagure hakujua kama alikuwa analia. Akamweleza yote, sahani na taa. Fowsia alisikiliza bila kumkatiza, kisha akavuta kiti.

"Picha yako imekaa ndani ya sentensi," alisema. "Programu inaiona kama herufi kubwa tu. Herufi zikisukumwa, nayo inasukumwa. Itoe hapo. Ipe fremu yake." Akachukua kipanya, akakizungushia kikombe fremu, akafungua kidirisha cha vipimo. "Sasa iambie inakaa wapi. Si kutoka kwa maandishi, kutoka ukingo wa karatasi. Na hapa, unaona hii alama? Inasema picha isogee pamoja na maandishi. Iondoe."

Kagure akaiondoa.

"Andika kitu."

Akaandika mstari mmoja, miwili, kumi. Maneno yalishuka upande wa kulia kama mvua kwenye bati, na kikombe kikabaki kushoto mahali pake, kimetulia. Akalifanyia blanketi vivyo hivyo, kisha ng'ombe, kisha nyumba, akakihifadhi kiolezo, akakifunga, akakifungua upya. Kila kitu kilikuwa palepale.

"Kubwa zaidi," Fowsia alisema. "Mtu mgonjwa hataki kutafuta. Na chapisha kadhaa. Wino ni wangu."

Jumamosi Hezekiah alikuja na pikapu, ndani yake godoro na kamba. Kagure alimzuia mlangoni.

"Kabla ya kufunga chochote, kaa hapa," alimwambia, akimwekea kigoda upande wa kushoto wa kitanda.

Hezekiah akaketi. Ngendo alimwona. Uso wake ukabadilika, mkono wa kushoto ukanyooka, ukamshika shavu, na kwa muda mrefu haukutoka. Hezekiah alikuwa mtu mzima mwenye mvi, lakini alitulia kama mtoto anayenyolewa.

Kisha Kagure akaweka ukurasa mapajani mwa mama yake. Ngendo akauinamia. Kidole kikashuka kwenye kikombe, kikapita, kikafika kwenye blanketi. Kikagonga, kikagonga tena.

"Baridi?" Kagure aliuliza. "Maitu, unasikia baridi?"

Mama yake akafumba macho na kushusha mabega, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Kwa wiki mbili na zaidi alikuwa amelala kando ya dirisha lisilofunga vizuri, upepo baridi wa nyanda za Kieni ukimpiga ubavuni, akisema kesho, kesho, nao wakimjibu sawa Maitu, kesho.

Walimletea mablanketi mawili. Hezekiah mwenyewe akakisukuma kitanda hadi ukuta wa pili. Alipomaliza akapiga magoti.

"Maitu, nikupeleke Murang'a? Ukae kwangu?"

"Kesho," Ngendo alisema, na kidole chake kikaenda kwenye nyumba, kikakaa hapo. Hakikusogea hadi mwanawe alipoitikia kwa kichwa.

Pikapu ilirudi Murang'a na godoro lake. Hezekiah alikubali kulipa msichana wa kusaidia Nyina wa Mutahi, na akaahidi kuja kila Jumapili.

Wiki iliyofuata Ngendo aliikataa kila picha kwenye ukurasa. Aligonga sehemu tupu ya karatasi, kisha akajigusa pua, kisha akagonga tena, kwa hasira inayopanda. Kagure akamletea kitambaa. Hapana. Akamwuliza kama ni mafua. Hapana. Hatimaye mama yake akasugua kidole gumba na cha shahada na kuvipeleka puani, akimkodolea binti yake macho.

"Ugoro?" Kagure aliuliza. "Si uliacha ulipookoka?"

Ngendo akatazama pembeni.

"Daktari alikataza, Maitu. Hata usiniangalie hivyo. Hupati."

Hapo mama yake akaanza kumgombeza. Kesho hii, kesho ile, kesho kwa sauti ya juu na kesho kwa meno yaliyobanwa, mkono wa kushoto ukipiga blanketi, na Kagure, aliyekuwa amesimama mbele yake akigombezwa kwa mara ya kwanza tangu Aprili, alicheka mpaka akashika ukuta.