Filta Iliyonyweshwa Oili

Kiangazi cha 1991, Shami wa mtaa wa Biryogo alikubali kwa shingo upande kuiondolea pikapu yake kuukuu ile filta ya hewa yenye bakuli la oili. Fundi Conrad akamfungia ya karatasi. "Hii haitaki oili, mzee. Ni ya kisasa."

"Karatasi ni ya kufungia vitumbua," Shami alinung'unika. Miaka ishirini mizima, kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, alikuwa akilijaza bakuli lile oili mpya ili linase vumbi. Sasa afanye nini na Ijumaa zake?

Ijumaa ilipofika, mkono ulikwenda wenyewe. Aliifungua filta, akaikuta kavu kama biskuti, akaionea huruma, akaimiminia nusu lita.

Pikapu haikumaliza hata mlima wa Nyamirambo. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazimika. Majirani waliisukuma hadi nyumbani, Shami akitembea kifua mbele. "Si nilisema? Karatasi!"

Conrad alikuja akafungua. Oili ikamchuruzikia viatuni. "Mzee, nani kamwaga oili humu?"

"Mimi. Ulitaka ife na kiu?"

Gwiza, mkewe Shami, alikuwa akihangaika na jiko la mkaa lililogoma tangu asubuhi. Aliinyakua ile filta mikononi mwa fundi, akachana kipande, akakichomeka chini ya mkaa, akawasha kiberiti. Jiko likashika papo hapo.

Shami aliutazama moto, akajikuna kidevu.

"Conrad, ile ya bakuli irudishe kwenye gari," alisema kwa upole. "Halafu niletee hizi za karatasi sita. Za jikoni."