Swala wa Sponji na Mshale Namba Nne

Usiku wa kuamkia Jumamosi niliota niko kwenye duka la mishale, na muuzaji ni swala.

Si swala wa porini. Ni yule wa sponji wa uwanja wetu wa kulenga shabaha hapa Machakos, yule tunayempiga mishale kila wikendi. Amevaa miwani. Ubavuni ana matundu ya wiki iliyopita, mengine yangu.

"Karibu, bosi," ananiambia. "Unataka ya kuwinda ama ya shabaha?"

Nikafikiria. Kuwinda Kenya ni marufuku, na anayeniuliza ni swala. Huo ni mtego.

"Ya shabaha," nikasema. "Na si yangu. Ni ya dada yangu Mutheu. Kesho anashindania nafasi kwenye timu ya kaunti."

"Mutheu wa saluni. Huyo ananipiga vizuri. Hapa." Akaonyesha chini ya bega kwa kwato.

Hapo ndipo nilianza kumshuku. Kwa nini anayepigwa amsaidie anayempiga?

Tena mishale nilikuwa nayo tayari. Sita, ya kaboni, mitumba, imeandikwa namba moja hadi sita, nimeinunua kwa simu kutoka kwa jamaa ambaye picha yake ni gari. Aliandika "haijawahi kugonga ukuta" na mimi nikaamini, nikampa Mutheu. Kochi Musyimi ametufundisha mara mia: mshale wa kaboni, kabla ya kuupiga, unaupinda kidogo karibu na sikio. Ukilia krr, una ufa, tupa. Ukiupiga hivyo unaweza kupasuka hapo hapo kwa upinde na vibanzi vikaingia kwenye mkono ulioshika upinde. Mutheu anasuka nywele kwa mkono huo. Na mimi sikuwa nimeupinda hata mmoja. Nilikuwa kwa simu.

"Kwanza tupime urefu," swala akasema. "Fungua mikono."

"Lakini anayepiga ni Mutheu."

"Mko urefu sawa."

Ni kweli. Lakini amejuaje?

Akanipima kutoka kidole hadi kidole. "Mita moja na sabini. Sasa tunagawanya kwa mbili na nusu, tujue anavuta upinde hadi wapi."

Akanigawanya. Haikuuma. Tukawa mimi, na mimi mwingine, na nusu yangu iliyoishia kiunoni, imewekwa juu ya kaunta kama kilo ya sukari. Nusu ndiyo iliyobaki na simu. Nikaiomba, ikakataa.

"Chaji ni asilimia nne," ikasema. "Wewe utaimaliza."

Swala akaandika kitu kwenye daftari. "Hiyo mishale yenu ina ugumu gani?"

"Imeandikwa mia tano."

"Hiyo ni laini. Mia tatu arobaini ndiyo ngumu."

"Kwani hapa namba zinarudi nyuma?"

"Namba inahesabu vile mshale unajipinda. Anayejipinda sana ana namba kubwa. Kwa upinde wa Mutheu, mia tano ni sawa kabisa."

Nikamtazama yule mimi mwingine. Na yeye hakuamini.

Nageuka nitoke, na mlango unanipeleka ndani ya saluni ya Mutheu. Mishale yangu sita imekaa kwenye viti, chini ya mashine za kukausha nywele. Mutheu anaichana manyoya. Haniangalii. Swala amekaa kwenye foleni na gazeti.

Naanza kuipinda, mmoja mmoja, sikioni.

"Niko salama, kaka," namba moja anasema.

"Hata mimi," anasema namba mbili, "ila nimechoka kidogo."

Namba tatu anasema yuko salama na anataka chai. Tano na sita wanajibu pamoja.

Namba nne amefunga skafu shingoni, vidole viwili chini ya manyoya.

"Mbona skafu?"

"Baridi."

"Uko chini ya mashine ya moto."

"Basi ni mafua."

"Njoo nikupinde kidogo."

"Mimi sipindwi mbele ya watu. Nilikotoka tuliheshimiana."

Swala akakunja gazeti. "Huyo asiende kesho."

"Unaona?" namba nne akaniambia. "Anaogopa kupigwa. Utamsikiliza shabaha?"

Hoja nzuri. Nikamuuliza swala yeye anafaidika na nini.

"Mshale mzima unafika kwangu, unaingia, mnautoa, tunaonana wiki ijayo," akasema. "Ulio na ufa haufiki. Unabaki kwa mkono wa aliyenipiga. Na Mutheu akiacha, anayebaki kunipiga ni wewe. Wewe unanipiga masikio."

Tukapiga kura. Nusu yangu ilimwamini swala. Mimi wawili tulimwamini mshale, kwa sababu tulikuwa tumeshamlipia. Kura zikawa mbili kwa nusu.

Mutheu anamchukua namba nne. Anamweka kwenye upinde. Anavuta, pale pale katikati ya saluni, na wateja wanasogeza miguu. Mshale unakohoa. Skafu inaanza kuteleza.

Namwita Mutheu, sauti haitoki. Yule mimi mwingine anaangalia dari. Nusu yangu pekee ndiyo inafanya kitu: inamrushia simu.

Simu ikaniangukia usoni. Nikaamka nimelala chali, nayo iko juu ya pua. Asilimia nne.

Mutheu alikuwa mlangoni, podo la mishale begani, kiatu kimoja mguuni.

"Nipe namba nne," nikasema.

"Muuo, nimechelewa."

"Nipe tu. Swala amesema usiipige."

"Swala gani?"

"Wa sponji."

"Aa. Wa sponji." Akavaa kiatu cha pili. "Na lile turubai la kuzuia mishale nyuma yake lilisemaje?"

Lakini alinipa. Nikaupinda sikioni. Kimya. Nikauzungusha, nikaupinda tena. Kimya kabisa, kama mtu aliyebana pumzi, na hicho ndicho sikukipenda.

"Una pamba?"

Akanitolea ile anayofutia rangi ya kucha, huku anaangalia saa. Nikaishika pamba kwa vidole, nikaipitisha juu ya mshale polepole, kutoka kwenye ncha ya chuma kwenda juu. Ikateleza, ikateleza. Vidole viwili chini ya manyoya ikashika. Nikaachilia. Haikuanguka. Nyuzi zake zilikuwa zimenaswa kwenye mstari mwembamba ambao hata nikiuangalia siuoni vizuri, zimezunguka pale shingoni kama skafu.

Mutheu akainama, akaangalia. Akafungua mkono wake wa kushoto, akaufunga, akaufungua tena.

Halafu akateremsha podo lote begani, akakaa kitandani kwangu na viatu vyake, akachomoa mshale mwingine.

"Na namba mbili," akasema, "huyo swala alisemaje?"