Mistari ya Kahawia kwenye Meno ya Chiriku

Mimi kuzungukazunguka sijui. Nilitaka mke wa mwanangu aache kazi, na nilimwambia mwenyewe, mezani, mbele ya mumewe, chakula kikiwa bado cha moto. Kazi yenyewe ni ya kuchanganya rangi za nyumba kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mteja anakuja na kipande cha ukuta ndani ya mfuko, anasema nataka kama hii. Mkwe wangu anakigeuzageuza, anatia tone la hiki na tone la kile, anakoroga, anapaka kwenye kadi, na rangi inatoka ileile. Sikatai, kazi anaijua. Lakini alikuwa na mimba ya miezi minne, ya pili hiyo, na mimi ya kwanza nilishaiona ilichozaa.

Ilizaa mjukuu wangu, tunayemwita Chiriku kwa sababu akianza kuongea asubuhi, ni usingizi tu utakaomnyamazisha. Ana miaka minne na nusu. Mtoto mzuri wa sura, mradi afunge mdomo. Akicheka ndipo unaona: chonge zote nne na magego yake yana mistari ya kahawia, na penye mstari jino limebonyeabonyea kama lililochomwa kwa sindano. Watoto wa jirani walikuwa wameanza kumwambia hapigi mswaki. Anapiga, na mimi ndiye ninayemsimamia.

"Ni ile rangi yako," nilimwambia mama yake. "Miezi tisa unavuta ule mvuke, na mtoto tumboni anavuta na wewe. Meno ya mtoto yanaanzia tumboni, hata mimi fundi cherehani najua. Sasa unataka na huyu wa pili atoke vilevile?"

Mkwe wangu si mtu wa kujibizana, na hilo nalo lilikuwa likinikera. Aliweka kijiko chini. "Mama, twende kwa daktari wa meno, mimi na wewe. Akisema meno haya yaliharibika nikiwa na mimba, mwisho wa mwezi naacha kazi. Akisema si mimba, neno hili lisirudi tena hapa mezani."

Mwanangu aliendelea kutazama sahani yake. Huyo si moto si baridi, ndivyo nilivyomzaa. Nikasema sawa, kesho hiyohiyo. Nilikuwa na uhakika wa kuweza hata kuapa.

Chumba cha daktari kilikuwa kidogo na safi, kiti kirefu katikati, taa yenye mkono, na beseni la kutemea maji lililomfurahisha Chiriku kuliko kitu kingine chochote. Msichana mmoja alikuwa ananawa mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Daktari yuko wapi?"

"Ni mimi."

Nikamtazama juu mpaka chini. Nimefundisha wasichana wa umri ule kushona vifungo. Lakini Chiriku alishapanda kitini mwenyewe, ameachama kama kifaranga, ikabidi ninyamaze.

Daktari alipita jino moja moja na kioo chake kidogo, akihesabu kwa sauti. "Kumi juu, kumi chini. Ishirini, yote yapo."

"Ya utotoni tu hayo," nikasema. "Si yatang'oka?"

"Yatang'oka, mama, ila si kesho. Ya mbele yataanza kwenye miaka sita. Magego haya atatafunia mpaka kumi, kumi na mbili. Tena ndiyo yanayoyashikia nafasi meno ya ukubwani. Yakitoka mapema, yanayofuata yanaota yakisukumana."

Nikaona tukiendelea hivyo tutakesha. Nikamwambia kilichotuleta: huyu mama anashinda kwenye rangi, alishinda kwenye rangi na mimba ya mtoto huyu, na tunataka jibu moja tu, ndiyo au hapana. Mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni, mkoba ameukumbatia kifuani. Kazi yake yote ilikuwa mdomoni mwa yule msichana, na sisi sote wawili tulilijua hilo.

Daktari hakujibu ndiyo wala hapana. Alivuta taa karibu, akanipa kioo nishike mwenyewe.

"Jino linajengwa ndani ya fizi muda mrefu kabla halijaota," alisema. "Linaanza kwenye ncha, linashuka polepole kwenda kwenye mzizi. Gamba lake la nje likishajengwa, mwili haulirudii tena. Mtoto akipatwa na jambo zito, kipande kinachojengwa siku hizo kinatoka kibaya. Akipona, ujenzi unaendelea vizuri. Ile alama inabaki palepale."

"Kama kufuma sweta," nikasema. "Ukikosea safu ukaendelea, kosa linabaki kwenye safu yake."

"Hivyohivyo, mama. Sasa tuhesabu safu." Akaninyooshea meno ya mbele. "Siku mtoto anazaliwa, haya yameshajengwa karibu yote. Kimebaki kipande chembamba tu hapa kwenye fizi. Mimba ingekuwa na tatizo, hapa ndipo pangesema. Unaona nini?"

Niliona meno meupe, laini, hayana hata doa. Nikasema sioni kitu. Nyuma yangu nikasikia mkwe wangu akishusha pumzi.

Mimi si mtu wa kushindwa upesi. "Na chonge je?"

"Chonge siku ya kuzaliwa ni theluthi tu. Hii ncha. Ncha ni safi, mstari umekaa huku, karibu na fizi. Na hili gego la mwisho, siku ya kuzaliwa vilikuwepo vilele vyake tu. Vilele ni vizima, mstari uko katikati." Akazima taa. "Meno yote yenye alama yanataja wakati mmoja. Mtoto ameshazaliwa, ana miezi mitano au sita. Tarehe siwezi kuitaja, wala ugonjwa siujui. Naona lini, sioni nini. Mara nyingi ni homa kali, au kuharisha kwa siku nyingi. Aliumwa sana wakati huo?"

Nikaanza kukifuta kile kioo kwa upindo wa gauni langu.

"Alipokuwa na miezi mitano mimi nilikuwa hospitali," mkwe wangu alisema taratibu, kama mtu anayetafuta kitu kwenye mkoba. "Niligongwa na pikipiki, nikavunjika paja. Wiki saba nimelala. Mtoto alikuwa kwa mama." Akanigeukia. "Lakini hakuumwa. Au aliumwa, mama?"

Daktari naye akanitazama. "Kama hakuumwa, basi hesabu yangu ina kasoro, na hapo siwezi kuwaahidi lolote. Itabidi tuanze upya, na hiyo kazi ya rangi tuiulizie pia."

Mficha maradhi, kilio humfichua. Methali hiyo nimewapigia watu wengi katika maisha yangu, na siku hiyo ilikuja yenyewe ikakaa kifuani kwangu. Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Nikisema hakuumwa, nimeshinda: mkwe anaacha kazi, na mimi nabaki bibi aliyelea mjukuu wiki saba bila kasoro. Nyumbani kwetu hakuna mtu mwingine aliyejua. Nisiwadanganye, neno lilishafika kwenye ulimi.

Siku zenyewe nazikumbuka zote. Mtoto alianza kuharisha jioni, usiku akawaka moto. Nikasema ni mambo ya meno hayo, watoto wote huharisha wakitaka kuota meno, nimelea wangu wanne. Siku ya pili nikampa maji ya sukari na chumvi. Siku ya tatu nikampa dawa aliyoniambia jirani. Mwanangu akawa anapiga simu kila jioni kutoka hospitali, sauti imemkauka, mke wake amening'inizwa mguu kwenye vyuma. "Mtoto hajambo?" Nikawa namjibu hajambo, anakula, analala. Nilimwonea huruma, Mungu ni shahidi. Siku ya sita macho ya mtoto yalikuwa yamezama na hakulia tena, alikuwa ananitazama tu. Nikambeba mbio. Walimwekea maji ya mshipani siku tatu, na muuguzi mmoja alinisema mbele ya watu mpaka nikataka ardhi inimeze. Alipopona sikuwa tena na huruma ya kusingizia. Ilikuwa aibu tupu. Mama yake aliporudi na magongo yake alimkuta anacheka, mdomo hauna hata jino moja. Nani angejua?

Na mistari ilipotokea, chonge zikichomoza mwaka mmoja baadaye, sikuiunganisha na siku zile. Niseme kweli: sikutaka kuiunganisha. Rangi ilikuwa karibu, na mkwe alikuwa karibu.

"Aliumwa," nikasema.

Nikayasema yote, pale pale, nimeshika kile kioo. Siku sita za kukaa naye nyumbani, siku tatu za maji, na uongo wa kila jioni. Sauti yangu, ambayo mtaa mzima unaijua, ilikuwa ndogo mpaka daktari alisogea ili anisikie. Chiriku naye alikuwa anatutazama mmoja mmoja.

Mkwe wangu alimgeukia daktari. "Kwa hiyo si rangi."

"Meno haya hayasemi rangi. Mimba yako ilimpa meno mazuri."

Akakaa kwenye kile kiti kidogo cha wasindikizaji, akalia. Hakulia kwa sauti. Daktari akaanza kupanga vifaa ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Tangu chonge hizo ziote," mkwe wangu alisema, "nikitoka kazini naoga mara mbili kabla ya kumshika. Mara mbili, mama. Wewe ulikuwa unasema nina maringo, nakaa bafuni. Mtoto ananililia mlangoni na mimi nasugua mikono, naogopa nitamwongezea."

Ni kweli nilisema ana maringo. Nililisema hata kwa majirani. Nikasema nisamehe, na likatoka jepesi mno kwa uzito wa jambo lenyewe.

"Meno yangu yamesema nini?" Chiriku akauliza.

"Yamesema ulipokuwa mdogo sana uliumwa," daktari akamjibu, "ukapona." Kisha akatueleza la kufanya: yale mabonde kwenye magego atayaziba wiki ijayo yasije yakatoboka, chonge atazipaka dawa, na mswaki uendelee kama kawaida. Akatuandikia siku na saa.

Tulitoka Chiriku akiwa katikati yetu, anasimulia habari za beseni. Tulitembea mpaka kona ya pili. Nilikuwa nahesabu kichwani: nikifika nimwambie mwanangu, halafu nikafunge nguo zangu niende kwa binti yangu. Mtoto wa pili watatafuta mtu mwingine wa kumwachia, na sitakuwa na la kulalamika.

Mkwe wangu akasimama.

"Huyu akizaliwa, nikirudi kazini, nitamwacha kwako," alisema. "Wa kumwamini zaidi sina, na Chiriku hakubali mwingine. Lakini akichemka tu, mama, kabla hujampa hata maji, unapiga simu."

"Nitapiga."

"Hata kama umekosea wewe."

Nilitaka jibu liwe la kweli. Nilijitazama nilivyo, na kiburi changu nakijua.

"Hata kama nimekosea mimi," nikasema.

Alinitazama kama anavyokitazama kile kipande cha ukuta cha mteja. Kisha akanipa mkono wa Chiriku nimvushe barabara.