Bega la Mama Mukashyaka

Kubebwa ukiugua si jambo la mzaha, lakini Damascène alilifanyia mzaha. Yeye ndiye aliyekuwa sekretere wa ngobyi pale Kanyaruchinya. Ngobyi, kwa asiyeijua, ni kile kitanda cha matete chenye miti miwili ambacho wanaume wanne hukiweka mabegani kumteremsha mgonjwa mpaka hospitali ya Goma. Kila nyumba ilitoa bega moja. Mwaka ule wa hamsini na tano, Damascène alisimama mkutanoni, kalamu sikioni, akasema nyumba isiyo na mwanaume wa kubeba ifutwe kwenye kaye, lile daftari la wenye haki ya kubebwa. Mikono ikainuka. Jina la Mukashyaka likapigwa mstari.

Mukashyaka jamani! Mjane wa marehemu Ntirenganya, mtu aliyebeba wagonjwa miaka ishirini mpaka bega likaota sugu. Binti zao wawili wameolewa kule Masisi, na mtoto wa kiume Mungu hakuwapa. Tangu siku ile mama wa watu alipalilia maharage yake huku hofu imemkaa rohoni: nikizidiwa, nitakufa humu ndani peke yangu?

Basi asubuhi moja kijana Hitimana akaanguka kutoka kwenye paa alilokuwa akiliezeka, mguu ukavunjika. Ngobyi ikaitwa. Ilipopita mbele ya nyumba ya Mukashyaka, alipiga moyo konde, akakaza kitenge kiunoni, akatoka mbio, akamsukuma pembeni Damascène, aliyekuwa mmoja wa wabebaji wanne, na kuingiza bega lake chini ya mti.

Ala! Mwanamke chini ya ngobyi! Jambo hilo halikuwahi kuonekana tangu Kanyaruchinya iitwe Kanyaruchinya. Na kwa kuwa mama alikuwa mfupi, kitanda kikainama, Hitimana akapiga yowe.

"Mama, unafanya nini? Unatutia haya!" Damascène akafoka.

"Si mulisema munataka bega?" akajibu, akihema. "Hili hapa. Limezeeka, lakini ni bega."

Wabebaji watatu waliobaki wakatazama chini.

"Munishushe," Hitimana akasema.

"Nini?"

"Munishushe, nimesema!"

Wakamweka juu ya mawe meusi ya volkano, uso umemjaa jasho. "Na mimi niliinua mukono siku ile," akasema. "Nilikuwa na miguu miwili mizima, nikaona kubebwa ni mambo ya wengine. Mama, unisamehe. Damascène, andika jina lake. Bila hivyo siendi hospitali."

"Utakufa we!"

"Basi andika mbio."

Damascène akatoa kaye kifuani mwa shati. Alipoandika jina akasita, mazoea ni mazoea. "Na bega la nyumba hii ni nani?"

"Mutu muzee haulizwi bega," Hitimana akasema kwa uchungu. "Nyumba yake ilishabeba. Andika hivyo, na kwa wazee wote."

"Ndiyo hivyo," wale watatu wakaitikia pamoja. Damascène akaona aibu kweli, akainamisha kichwa na kuandika.

Mukashyaka hakujua kusoma. "Umeandika nini, mwanangu?"

"Mukashyaka, muzee. Abebwe."

Machozi yakamtoka bila kujificha. "Aksanti, watoto wangu. Aksanti sana. Mungu awape uzee mwema, hata we, Damascène, na hako kakalamu kako." Wakacheka wote, hata Hitimana, ingawa kicheko chake kiliishia kwenye kilio.

"Nisomee tena," mama akasema.

"Musomee njiani, mguu unaniua!"

Wakamwinua, wakaanza kuteremka. Mukashyaka alikwenda kando yao na kibuyu cha maji, akimlowesha Hitimana midomo. Damascène, mti begani, alikuwa akiyasema yale maneno bila kutazama kaye, kwa sauti ya kusikika mashambani: "Mukashyaka, muzee. Abebwe." Kila aliposema, mama aliitikia, "Aksanti."

Alipochoka kuyasema, wenzake wakampokea yale maneno.