Trei ya Mke wa Fundi

Jalada lilipofika mezani kwangu, nilianza na jina la mwombaji kama kawaida, na hapo hapo siku yangu ikaharibika. Jina lilikuwa la kike, na ubini wake ni ubini niliowahi kuutumia mimi. Ubini wa Fundi, seremala, aliyekuwa mume wangu. Tulipoachana niliurudisha kama mtu arudishavyo bakuli la jirani, na mwenzangu akaupokea bado una moto.

Mimi ni mkaguzi wa hataza. Mtu akidai amevumbua kitu, maombi yake huja kwangu nikaamua kama anastahili hataza, yaani haki ya kukimiliki peke yake kwa miaka kadhaa, mwingine asikitengeneze bila ruhusa yake. Huyu mwombaji ni muuguzi wa chumba cha kutolea damu katika hospitali kubwa hapa mjini. Wagonjwa humwita Sista, na mimi nitamwita hivyo hivyo, kwa sababu jina lake likipita mdomoni mwangu huacha uchungu.

Alichokuwa akiomba ni hataza ya mbinu ya kupanga ukusanyaji wa sampuli za wagonjwa. Nilisoma hatua zake moja moja. Mgonjwa aketi. Ataje jina lake mwenyewe kwa sauti. Kichupa kitolewe kwenye trei, damu itolewe, lebo ibandikwe hapo hapo mbele ya macho ya mgonjwa, kichupa kirudi kwenye trei. Ndipo mgonjwa mwingine aitwe. Basi, kwisha.

Nilicheka peke yangu mpaka karani wa mapokezi akachungulia mlangoni. Sheria yetu iko wazi: utaratibu wa kuwapanga watu na kazi zao hauhesabiwi kuwa uvumbuzi, hata uwe mzuri namna gani. Hakuna mtu anayemiliki foleni. Sista alikuwa ameanguka kabla ya kusimama, na wa kumwambia ni mimi.

Hata hivyo nilikwenda kwa bosi. Bosi wetu tunamwita Mzee Muhuri, maana akikosa karatasi ya kugonga muhuri kwa siku nzima hukosa raha.

"Bosi, huyu mwombaji namfahamu," nikamwambia.

"Unamfahamu vipi?"

"Ndiye aliyeolewa na aliyekuwa mume wangu."

Akavua miwani. "Sasa jalada nimpe nani, mwanangu? Mkaguzi mwenzako yuko likizo ya uzazi. Hebu niambie, sheria inasemaje?"

"Inamkataa."

"Basi si wewe unayemkataa. Sheria haina mke mwenza." Akacheka utani wake mwenyewe hadi akakohoa.

Nikarudi mezani na ruhusa mkononi. Barua ile ya kukataa niliiandika kwa raha ambayo sijapata kuiona katika kazi ya serikali. Kila sentensi ilikuwa ya kweli, kila kifungu cha sheria kilikuwa mahali pake, na bado nilihisi kama mtoto anayekula sukari jikoni.

Kitu kimoja tu kiliitia doa raha yangu. Mwishoni mwa jalada kulikuwa na mchoro wa trei, na sikuhitaji kuambiwa aliyeuchora. Penseli ile naijua, anavyokoleza pembe mara mbili kana kwamba haamini mstari wake wa kwanza. Nilikaa na seremala miaka sita, na mlango wa kabati langu la vyombo ukaning'inia kwa bawaba moja miaka yote sita. "Kesho," alikuwa akisema. "Kesho, mke wangu." Leo kwa huyu amekaa chini, ameshika rula, ameandika na vipimo! Roho iliniuma, sifichi. Nikaugeuza ule ukurasa bila kuusoma. Trei ni trei, nikajiambia, hata ya chai ni trei.

Mwombaji anayeelekea kukataliwa ana haki ya kusikilizwa kwanza. Siku ya kusikilizwa nilivaa gauni langu la bluu, lile linalonipendeza, na tukaketi katika chumba kidogo cha mikutano, bosi kichwani mwa meza, mimi kando yake. Sista akaingia na viatu vyake vya kazini, vyeupe, visivyo na kisigino. Nilikuwa nimemwazia mrembo wa kutisha. Alikuwa mwanamke wa kawaida mwenye macho ya kukosa usingizi, na hilo liliniudhi zaidi, kwa sababu sasa sikuwa na cha kusingizia.

Nyuma yake akaja Fundi, amekumbatia kitu kilichofunikwa kitambaa. Aliponiona akasimama mlangoni kama aliyekosea nyumba.

"Shikamoo, mzee," Sista akamwamkia bosi. Kisha akanigeukia. "Habari za siku nyingi, dada."

Kumbe ananijua. Na alikuwa akijua tangu mwanzo ni nani angesoma maombi yake, na bado akaleta. Nikajikaza kisabuni, nikaitikia "njema" kwa sauti ya ofisini.

Nilisoma barua yangu bila haraka. Sista alisikiliza ameweka mikono mapajani. Nilipomaliza, bosi akamuuliza kama ana la kusema.

"Mimi sheria siijui, mzee," akasema. "Ninachojua ni kwamba pale kwetu tuna wagonjwa wengi na mikono michache. Mtu anatoa damu ya watu watatu, anaweka vichupa mezani, anasema lebo nitabandika baadaye. Baadaye anabandika ya huyu kwa yule. Kuna mama aliambiwa ana ugonjwa asiokuwa nao. Alilia pale benchi mbele yangu, na kosa halikuwa langu, lakini nililala nalo. Ndiyo nikaupanga huu utaratibu."

"Utaratibu ni mzuri," nikasema. "Hospitali zote ziutumie, tena bure. Ila uvumbuzi sio."

"Basi sawa, dada," akasema. Hakubisha hata kidogo. Mzee Muhuri akavuta barua yangu mbele yake, akafungua kidau cha wino.

Fundi alikuwa ameiweka ile trei mezani na kuifunua, labda kwa kukosa cha kufanya na mikono yake. Nikaitazama. Mbao laini, zimepigwa msasa mpaka zinang'aa, matundu mawili mawili, vichupa vitupu vimesimama ndani. Hapo wivu ulinishika. Nilitaka kuona kasoro. Kwa miaka yote niliyomjua, Fundi hajawahi kumaliza kitu, kwa hiyo lazima palikuwa na mahali palipolegea, na nilitaka nipaone kwa macho yangu. Nikachomoa kichupa cha kwanza, nikakilaza mezani, nikashika cha pili.

Hakikutoka. Nikavuta tena. Wapi.

"Imekwama," nikasema, na moyoni nilikuwa nasherehekea. Ni yule yule!

"Haijakwama, dada," Sista akasema kwa upole. "Hicho cha kwanza hujakirudisha. Tena ukikirudisha bila lebo bado haitakubali." Akachukua lebo mfukoni, ya karatasi ngumu yenye kiulimi pembeni, akaibandika kwenye kichupa changu, akakirudisha tunduni. Nikasikia *tik*. Cha pili kikatoka chenyewe kama kilichopakwa mafuta. "Kiulimi kinasukuma komeo huku chini. Mtu akichoka, trei haichoki. Lakini hii ni kifaa tu, kazi yenyewe ni ule utaratibu."

Nilibaki nimeshika kile kichupa. Kifaa tu! Mpangilio wa watu hauna hataza, lakini mashine inayomzuia mtu kukosea kwa mbao na springi ni uvumbuzi mtupu, na mchoro wake wenye vipimo ulikuwa ndani ya jalada muda wote. Niliugeuza kwa sababu ya penseli.

Nikatazama huku na huku. Sista hakujua alichonacho. Fundi alikuwa akitazama sakafu. Bosi alikuwa akipulizia muhuri wake. Ningenyamaza kidogo tu muhuri ungeshuka, na hakuna ambaye angenishika, maana kila neno nililoandika lilikuwa kweli. Nilitaka kunyamaza, jamani. Nilitaka kwa mwili mzima. Lakini kazi hii ndiyo kitu pekee nilichotoka nacho katika ile ndoa kikiwa kizima. Nikiivunja kwa mkono wangu, nabaki na nini?

"Bosi, subiri," nikasema.

Muhuri ukabaki hewani. Nikamweleza yote, hata ule ukurasa niliouruka, ila sababu ya kuuruka sikuitaja, na yeye kwa uungwana hakuuliza. Nikamwambia Sista aziondoe zile hatua zote, aombe hataza ya trei na komeo lake, na hapo nitalipokea jalada. Akafumba macho, akashusha pumzi ndefu.

Mzee Muhuri akakuna kidevu. "Mvumbuzi ni nani? Hapa kuna jina la huyu mama peke yake. Hataza ikiwa na jina pungufu, kesho mtu anaipindua."

Kazi ya kuuliza ilikuwa yangu. "Nani aliyewaza hili komeo?"

"Yeye," akasema Sista.

"Yeye," akasema Fundi, wakati huo huo.

Wakatazamana, wakacheka. Kisha wakaanza kusimulia kwa kupokezana. Sista alirudi nyumbani amechoka, akalalamika kwamba watu wanasahau. Fundi akasema basi tutengeneze kitu kisichosahau. Huyu akataka kamba, yule akasema kamba itaoza kwa dawa ya kusafishia. Wakabishana, chakula kikapoa, huyu akakata kiulimi kwenye boksi la dawa ya meno. Mimi nikauliza maswali, maana lazima niulize. Ulisema nini? Naye akajibu nini? Halafu? Nikayasikia mazungumzo ya meza yao yote mpaka mwisho. Miaka yangu sita na yule bwana haikuwa na jioni moja ya namna ile.

Nikachukua fomu mpya. Kwenye nafasi ya wavumbuzi nikaandika jina la Sista, nikaandika "na", kisha nikaandika jina la Fundi, kwa mwandiko wangu mzuri ambao ofisi nzima inausifu. Nikawasogezea wasaini.

"Anza wewe," Fundi akasema.

"Aa, wewe ndiye uliyetengeneza. Anza wewe."

"Aanze yeyote," nikasema, "kalamu ni ya serikali." Na nikageukia dirishani mpaka walipomaliza.